Kangaruu wa Kwenye Simu na Sokwe wa Cyamudongo

Watoto wa madarasa ya chini katika shule za nchi nyingi siku hizi hupewa kazi ambayo sisi wazazi hatukuijua tulipokuwa na umri wao. Kila mtoto huchagua mnyama mmoja wa Australia, husoma habari zake, huandika sentensi kumi au kumi na tano, kisha husimama mbele ya kamera ya simu na kuzisema kwa sauti. Video hiyo ya dakika mbili au tatu hupelekwa kwa darasa la ng'ambo, na watoto wa huko hujibu kwa maswali au kwa video zao wenyewe. Ukiitazama juu juu utasema ni mchezo. Mimi niliyesomea ualimu kabla ya kuingia ofisini nauona kuwa ni mtihani mgumu kuliko ule wa kalamu na karatasi, maana wanaousahihisha ni watoto thelathini wasio na haya ya kuuliza.

Tuichukue kazi hiyo tuilete Nyakabuye, katika Wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo wazee bado huiita Cyangugu. Askari waliopata kupangiwa kazi kusini-magharibi ya Rwanda wanaijua: vilima vilivyopandwa mihogo, ndizi na kahawa, chini yake tambarare ya Bugarama yenye mashamba ya mpunga, na ng'ambo ya mto nchi za jirani, Burundi na Kongo. Wageni huja kuziona chemchemi za maji moto ziitwazo Amashyuza. Lakini juu vilimani kuna jambo lililo kubwa kuliko maji moto, nalo ni msitu wa Cyamudongo. Ni kipande kidogo tu, kilichobaki peke yake baada ya mashamba kuutenga na msitu mkubwa wa Nyungwe, na ndani yake wanaishi sokwe.

Basi mtoto wa Nyakabuye anayehangaika kuchora mkia wa kangaruu anaishi karibu na mnyama ambaye Australia nzima haina. Bara lile lilijitenga na mabara mengine mamilioni ya miaka iliyopita, likabaki na wanyama wake wa namna ya peke yake. Halina sokwe, nyani wala kima wa asili, hata mmoja. Mtoto wa Sydney humwona sokwe katika bustani ya wanyama, nyuma ya ukuta, baada ya kulipa kiingilio.

WANYAMA WASIOFANANA NA WETU

Kwa nini walimu hupenda wanyama wa Australia? Kwa sababu mtoto hawezi kubahatisha. Akipewa ng'ombe ataandika kwamba ng'ombe ana miguu minne na hutupa maziwa, nayo kazi imekwisha. Akipewa kangaruu lazima asome.

Mchukue kangaruu mwekundu, aliye mkubwa kuliko wote. Dume huweza kufikia kilo 85 au zaidi, na akisimama huwa na kimo cha mtu mzima. Lakini huzaliwa akiwa na urefu wa sentimeta 2.5 hivi na uzito usiofika gramu moja, sawa na punje ya haragwe. Mimba yake huchukua siku 33 tu. Kiumbe hicho kipofu, kisicho na manyoya, hupanda chenyewe kwa mikono yake kupitia manyoya ya tumbo la mama hadi ndani ya mfuko, kikashika chuchu na kubaki humo kwa miezi kadhaa kabla ya kuchungulia nje. Akina mama wasomaji wa ukurasa huu watapenda kujua zaidi: kangaruu jike huweza kuwa na mtoto mkubwa aliyekwisha kutoka mfukoni lakini bado ananyonya, na papo hapo mchanga aliyeshika chuchu nyingine, na kila chuchu hutoa maziwa ya aina yake kulingana na umri wa mnyonyaji. Tena huweza kuwa na mimba ya tatu iliyosimamishwa kukua, ikingoja nafasi mfukoni.

Watoto wengi, na wakubwa pia, hudhani kwamba mtoto wa kangaruu huzaliwa mfukoni. Katika mtihani wa kawaida kosa hilo hupata mkwaju mmoja wa kalamu nyekundu, nalo husahaulika kesho yake. Katika video, mtoto wa Melbourne aliyemwona kangaruu kwa macho atamwandikia mwenzake: si kweli, hupanda mwenyewe. Kosa lililosahihishwa na rafiki wa rika moja halirudiwi.

Kisha yuko koala. Vitabu vingine vya zamani humwita dubu, naye si dubu kabisa. Ni ndugu wa kangaruu, mwenye mfuko kama yeye. Hula majani ya mikaratusi, na hulala hadi saa 20 kati ya 24 kwa sababu chakula hicho kina nguvu kidogo na sumu nyingi. Sehemu moja ya utumbo wake ina urefu wa meta 2 hivi, kwa ajili ya kuyachachusha majani hayo. Mtoto wa koala anapokaribia kuacha kunyonya, mama humpa kinyesi laini cha namna ya pekee ili apate vijidudu vya tumboni vya kumsaidia kumeng'enya karatusi. Darasa lote litacheka hapo, na mwalimu awaache wacheke, maana hawatasahau.

Hapa mtoto wa Rwanda ana bahati asiyoijua. Mkaratusi, inturusu ya Kinyarwanda, uliletwa nchini mwanzoni mwa karne ya 20, na leo ndio kuni zetu, nguzo zetu na mbao za paa. Asili yake ni Australia. Mgravilea unaopandwa kandokando ya mashamba nao umetoka huko huko. Kwa hiyo mtoto akitoka nje ya nyumba na kuigeuza kamera kuelekea kilima cha jirani, anaweza kumwonyesha mwenzake wa ng'ambo mti wa kwao ukiwa umeota Afrika, bila koala hata mmoja juu yake.

Tusimsahau mnyama wa maji mwenye mdomo kama wa bata, aitwaye platipasi. Ana manyoya, hunyonyesha, na hutaga mayai. Dume ana mwiba wa sumu kwenye mguu wa nyuma. Mtaalamu George Shaw wa Uingereza alipoieleza ngozi ya mnyama huyo mwaka 1799, alikiri kwamba mtu angeweza kushuku kuwa kuna fundi aliyeshona mdomo wa bata kwenye mwili wa mnyama mwingine. Mtoto anayeona haya kusema "siamini" na ajue kwamba wakubwa wenye elimu walisema vivyo hivyo, kisha wakachunguza.

VITA AMBAVYO BUNDUKI HAZIKUSHINDA

Wasomaji wetu wanajeshi watafurahishwa na emu. Ni ndege mkubwa asiyeruka, mfano wa mbuni, mwenye kimo kinachokaribia meta 2, naye hukimbia kilometa 50 kwa saa. Dume ndiye anayeatamia mayai, kwa muda wa wiki 8 hivi, bila ya kula chochote cha maana. Kangaruu na emu wote wawili wamo katika nembo ya taifa la Australia.

Heshima hiyo haikuwazuia Waaustralia kuwapelekea emu jeshi. Baada ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918, askari wengi waliorudi walipewa ardhi ya kulima ngano katika jimbo la Australia Magharibi. Mwaka 1932 emu wapatao 20,000 waliingia mashambani mwao katika wilaya ya Campion. Wakulima hao, wakiwa askari wa zamani, hawakuomba dawa wala ua. Waliomba bunduki za rashasha. Serikali ikamtuma Meja G. P. W. Meredith pamoja na askari wawili, bunduki mbili aina ya Lewis na risasi 10,000. Mpiga picha za sinema naye akafuatana nao ili ushindi uonekane na watu wote.

Ushindi haukuonekana. Wavamizi kadiri ya elfu moja walipojitokeza karibu na bwawa, bunduki ilikwama baada ya kuua ndege kumi na wawili tu, na waliobaki wakatawanyika. Bunduki ikafungwa juu ya lori, lakini emu walikuwa wepesi kuliko lori, na njia ilikuwa mbaya hata mpigaji hakuweza kulenga. Mwishoni, tarehe 10 Desemba 1932, Meredith alitoa hesabu ya emu 986 waliouawa kwa risasi 9,860, yaani risasi kumi kwa kila ndege. Emu hawakwisha. Kilichokuja kuwasaidia wakulima hasa ni ua mrefu.

Nimekirefusha kisa hiki kwa makusudi. Mtoto wa askari akikisimulia mbele ya kamera kwa maneno yake mwenyewe, akamwuliza baba yake rashasha ni nini na kwa nini ilikwama, basi baba naye ameingia katika kazi ya shule. Mara ngapi hutokea hivyo?

DARASA LISILO NA KUTA

Kuna sababu ya wazi kwa nini kazi hii hufanywa kwa video na si kwa mazungumzo ya moja kwa moja. Kengele ya saa mbili asubuhi inapolia Nyakabuye, Sydney ni saa kumi jioni, na katika majira yao ya joto ni saa kumi na moja; watoto wamekwisha kwenda nyumbani. Perth, upande wa magharibi wa nchi hiyo, iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo madarasa mawili yanaweza kuonana kwa muda mfupi asubuhi yetu ikiwa mchana wao, kama mtandao ukiwa mwema. Hata mwaka wa masomo haulingani: wao huanza mwishoni mwa Januari, sisi Septemba. Video husubiri, mazungumzo hayasubiri.

Waaustralia ni wazoefu wa kufundisha watu walio mbali. Katika mashamba yao ya bara, jirani wa karibu aliweza kuwa mwendo wa siku nzima. Alfred Traeger alitengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyagwa pedali kama za baiskeli, ili familia hizo ziweze kumwita daktari wa ndege. Mwalimu mmoja mwanamke, Adelaide Miethke, akafikiri: ikiwa redio inaweza kuleta daktari, kwa nini isilete mwalimu? Mwaka 1951 Shule ya Hewani ilifunguliwa katika mji wa Alice Springs. Mtoto aliketi jikoni kwao, akabonyeza kitufe, akamjibu mwalimu aliye mamia ya kilometa kutoka hapo, na wenzake wote wakamsikia.

Rwanda nayo ilijaribu njia yake. Mwaka 2007 nchi yetu iliingia katika mpango wa kumpa kila mtoto wa shule ya msingi kompyuta ndogo, ile ya rangi ya kijani na nyeupe iliyoitwa XO, na katika miaka iliyofuata zaidi ya 200,000 ziligawiwa. Mashine ile ilikuwa na kamera ndogo, na programu rahisi ya kurekodi picha na sauti. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba miaka hiyo hiyo kompyuta za aina hiyo hiyo zilipelekwa pia kwa watoto wa vijiji vya mbali vya Australia, wengi wao wakiwa wa jamii za wenyeji wa asili. Mtoto wa Rwanda na mtoto wa kaskazini ya Australia walibonyeza kitufe kimoja, kila mmoja chini ya mti wake. Leo simu ya mkononi ya mama imeshika nafasi ya mashine zile, na kazi imekuwa nyepesi zaidi. Kilichobaki kigumu ni kujua la kusema.

PICHA ILIYO SHAHIDI

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba video ni kitu cha kujifurahisha tu. Tarehe 14 Julai 1960 msichana wa Kiingereza aitwaye Jane Goodall alifika Gombe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma. Miezi michache baadaye alimwona sokwe dume akitumbukiza bua la nyasi ndani ya kichuguu na kulitoa likiwa limejaa mchwa, akawala. Wakati huo wataalamu walifundisha kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza vyombo vya kazi, na wengine walishuku maneno ya msichana asiyekuwa bado na digrii. Kuanzia mwaka 1962 Hugo van Lawick alikwenda Gombe na kamera. Baada ya sinema zake kuonyeshwa, ubishi ulipungua sana.

Bibi huyo, aliyefariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, alianzisha mwaka 1991 jijini Dar es Salaam chama cha vijana cha kutunza wanyama na mazingira, Roots & Shoots. Wa kwanza walikuwa wanafunzi 12 wa Tanzania waliokutana barazani kwake. Leo chama hicho kina vijana katika nchi nyingi, Australia ikiwamo. Kwa hiyo mazungumzo ya watoto wa Afrika na wenzao wa ng'ambo juu ya sokwe yameanza zamani, tena yameanzia kwetu Afrika Mashariki.

Upande wa pili wa picha una huzuni. Katika kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia, aliishi mnyama mla nyama mwenye umbo la mbwa, mistari ya chui-milia mgongoni na mfuko kama wa kangaruu, aliitwa thailasini. Kwa kuwa alishukiwa kula kondoo, serikali ya kisiwa ililipa fedha kwa kila kichwa kuanzia 1888 hadi 1909, na malipo yaliyoandikwa yalifika 2,184. Desemba 1933 David Fleay alimpiga picha za sinema mmojawapo katika bustani ya wanyama ya Hobart, na mnyama akamng'ata makalioni kwa kusumbuliwa. Sheria ya kumlinda ilitolewa Julai 1936. Wa mwisho anayejulikana alikufa kizimbani tarehe 7 Septemba mwaka huo huo, hazijapita siku 60. Zimebaki picha za dakika chache, zisizo na sauti. Mnyama anakwenda huku na huku, anapiga mwayo, analala chini, basi.

Mtoto akimaliza kuzitazama, mzazi na amwambie habari za nyumbani. Nyungwe ilikuwa na nyati. Walikwisha kuuawa katika miaka ya 1970. Ilikuwa na ndovu. Wa mwisho aliuawa mwaka 1999, na wasomaji wengi wa ukurasa huu walikuwa hai wakati huo. Septemba 2023 Nyungwe iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, kwa sababu ya wingi wa miti, ndege na jamii 13 za kima na sokwe zilizobaki. Sokwe wa Cyamudongo ni wachache, na msitu wao hauna pa kupanukia, maana pande zote umezungukwa na majembe. Mtoto wa Nyakabuye anayewaeleza wenzake wa ng'ambo habari zao anaeleza jambo ambalo bado halijaamuliwa.

KABLA YA KUWASHA KAMERA

Haya sasa, mzazi. Usimpeleke mtoto msituni na simu kwenda kuwatafuta sokwe. Kwanza, Cyamudongo ni sehemu ya hifadhi ya taifa. Huingiwi bila kiongozi wala bila ruhusa. Pili, na hili ndilo zito, mafua ya mtoto wako yanaweza kumwua sokwe. Mwaka 2013 katika msitu wa Kibale nchini Uganda, sokwe 5 katika kundi la 56 walikufa kwa kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu, yale tunayoyaponya kwa chai ya tangawizi. Ndiyo maana wageni wanaowatazama sokwe huvaa barakoa, na tangu janga la korona wataalamu huhimiza umbali wa meta 10. Hata mabingwa hukutwa na ajali: Steve Irwin wa Australia, aliyejulikana dunia nzima kwa kuwakaribia mamba, aliuawa na taa wa baharini tarehe 4 Septemba 2006, mbele ya kamera yake.

Sokwe anaweza kuelezwa bila ya kusumbuliwa. Mtoto asimame uani, msitu ukionekana mbali nyuma yake, aseme kwamba kila jioni sokwe hujitengenezea kitanda kipya cha matawi juu ya mti. Kwamba hupenda matunda ya mikuyu. Kwamba kwa Kinyarwanda huitwa impundu, neno ambalo pia ni jina la vigelegele vya furaha. Kisha bibi yake aombwe apige vigelegele. Hakuna darasa la ng'ambo litakalosahau video hiyo. Mtoto anayetaka kumwonyesha mnyama hai na amtafute kinyonga kwenye ua wa bustani. Wengi wetu tulilelewa kumwogopa, lakini hang'ati mtu anayemwacha kwenye tawi lake, hutembea polepole kama aliyeagizwa na mpiga picha, na Australia hawana kinyonga wa asili hata mmoja.

Jambo la tatu lawahusu wasomaji wetu kuliko watu wengine. Kamera haichagui, huchukua mtoto pamoja na kilicho nyuma yake. Mtoto anayeishi kambini au katika nyumba za polisi asirekodiwe penye lango, magari, silaha, mlingoti wa redio, wala sare ya baba iliyoanikwa kambani. Asitaje kikosi cha mzazi, wala mahali alipo, wala siku atakayorudi. Nimeona katika simu za watu video za watoto wakiimba vizuri, na nyuma yao namba ya gari inasomeka bila taabu. Ukuta mtupu watosha, au kitenge kilichotandazwa, au mgomba. Jina la kwanza la mtoto latosha pia. Jina kamili na jina la shule vibaki kwa walimu wawili wanaoandikiana. Video na ipitie kwa mwalimu, isitupwe hadharani ambako kila mpita njia ataiokota.

Kuhusu ufundi, sina mengi. Simu ilazwe kwa ubavu, iegemezwe juu ya kitu kisichotikisika, kwa mfano rundo la vitabu. Mtoto aelekee mwanga, asiupe kisogo. Upepo wa vilimani huharibu sauti, kwa hiyo arekodi mapema asubuhi. Asisome karatasini, macho yakishuka chini, sauti nayo hushuka. Kwa kuwa shule zetu hufundisha kwa Kiingereza, watoto wengi hukariri sentensi kama sala wasiyoielewa. Dawa niliyoiona ikifaa ni kumtaka aseme habari yote kwanza kwa lugha ya nyumbani, bila kamera, kwa mtu asiyemjua mnyama huyo.

Na mtu huyo anaweza kuwa baba aliye mbali. Askari wa Rwanda wamepata kupelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, Sudan Kusini na, kuanzia 2021, Msumbiji. Simu ya nyumbani mara nyingi huwa ni "Mnaendeleaje?" "Tunaendelea vizuri, baba," kisha kimya, maana mtoto wa miaka minane hajui la kuzungumza na sauti isiyo na uso. Mpe kangaruu la kusimulia. Baba atauliza maswali ya kweli, kwa sababu kitabu hakukisoma: ni mkubwa kuliko mbuzi wetu? Anaruka umbali gani? Mtoto atajibu kwamba kangaruu mwekundu huweza kuruka meta 8 kwa mara moja, na baba atamwambia aende akapime hatua hizo barabarani, kutoka mlangoni hadi mahali gani. Kipimo hicho ndicho kitakachoingia katika video, badala ya namba iliyonakiliwa.

Darasa la ng'ambo likipokea kazi hiyo litarudisha maswali, na mojawapo linatabirika: koala wangeweza kuishi katika mikaratusi ya Nyakabuye? Mtoto asikimbilie kujibu ndiyo. Kuna mamia ya aina za mikaratusi, na koala hukubali chache tu, tena huchagua hata mti mmoja na kuuacha mwingine wa aina ile ile. Achume jani changa na jani pevu, ua na tunda lake gumu, avipange juu ya karatasi nyeupe kando ya rula, avipige picha, avitume Ijumaa. Watoto wa huko wataupeleka mti wetu kwa mtu wao anayeijua mikaratusi, nao watarudisha jina lake.